Thika na Ruiru zinahitaji jukwaa la kumcheka mpiga kura pia

Mwanzoni mwa mwaka 424 kabla ya Kristo, Athens ilikuwa vitani na Sparta, na sauti iliyotamba katika mkutano wa wananchi ilikuwa ya Cleon. Majira hayo ya baridi, kwenye sikukuu ya Lenaia, mtunzi kijana aitwaye Aristophanes alipandisha jukwaani futuhi yake, Wapanda Farasi. Ndani ya mchezo huo Cleon ni mtumwa mpya wa nyumbani, mlafi na mwenye kelele, anayemghilibu bwana wake mzee. Bwana huyo ni Demos, yaani umma wa Athens wenyewe. Watumwa wenzake wawili wanamwibia maandishi ya utabiri akiwa amelala, wakagundua kwamba atakayempindua ni mchuuzi wa soseji na matumbo. Mkazi wa Makongeni, Thika, au wa Kamakis, Ruiru, hahitaji kuelezwa zaidi: ni muuza mutura wa kando ya barabara, mwenye kisu, ubao na jiko la makaa. Mchuuzi anakataa, anasema hajui kusoma ila kidogo tu, tena vibaya. Anajibiwa kwamba hata hicho kidogo ni kasoro, kwa sababu uongozi si kazi ya waliosoma wala ya wenye adabu. Basi Cleon na mchuuzi wanashindana kumrubuni mzee kwa mto wa kukalia, viatu, kanzu, keki na nyama ya sungura. Mchezo ulitwaa tuzo ya kwanza. Haukupita muda mrefu, watu wale wale waliovunjika mbavu kwa kicheko wakamchagua Cleon kuwa mmoja wa majenerali wao.

Msomaji wa haraka hujumlisha haya akasema kejeli haina meno. Mimi nayasoma vingine. Cleon anaumbuliwa, ndiyo, lakini aliyelengwa zaidi katika Wapanda Farasi ni Demos, mzee anayependa kubembelezwa, anayeuza uamuzi wake kwa mto wa kukalia. Wala Demos hajioni mjinga. Kuna mahali anawaambia waimbaji kwamba anajua fika anaibiwa, ila huwaacha viongozi wanenepe kwanza, kisha huwaangusha wakati anapotaka. Mpiga kura anayejiona mjanja kwa kula cha kila mgombea ndiye aliyefanyiwa dhihaka kali kuliko wote. Hoja yangu ni kwamba tashtiti ya Kenya leo imekomaa katika nusu moja tu ya kazi hiyo. Tunajua kumcheka mtawala. Bado hatujajenga mahali pa kumcheka aliyemtawalisha. Miji ya Thika na Ruiru, yenye wakazi wengi, yenye urithi mzito wa maigizo katika kaunti yao, na yenye uchaguzi wa 2027 mlangoni, inafaa kuwa ya kwanza kulijaza pengo hilo, kwa shindano la futuhi la kila mwaka linalotambuliwa na Kaunti ya Kiambu na kuhudhuriwa na viongozi wanaochekwa.

Nusu ya kwanza hatuna haja ya kuionea haya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Redykyulass lilimwigiza Rais Moi waziwazi angali Ikulu. Kuanzia 2009 XYZ Show, iliyoasisiwa na mchoraji Gado, iliwageuza wakubwa kuwa vikaragosi vya kuzungumza. Mwaka 2024, katika maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha, vijana walimwita Rais Ruto kwa jina la Zakayo, mtoza ushuru wa kwenye Biblia aliyekwea mti, na mwito wa kumtaka ashuke ukajaa barabarani. Gharama imelipwa. Desemba 2024 mchoraji Gideon Kibet, ajulikanaye kama Kibet Bull, alitekwa baada ya michoro yake ya vivuli kusambaa mitandaoni, akaachiwa Januari 2025. Aprili 2025 wasichana wa shule ya Butere walipeleka mchezo wa Echoes of War kwenye tamasha la kitaifa la maigizo mjini Nakuru. Ijapokuwa Mahakama Kuu ilikuwa imewaruhusu, polisi walirusha vitoza machozi kuwatawanya watu waliofika kutazama, nao wasichana wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza. Mwandishi wake, Cleophas Malala, alikwishaona hayo mwaka 2013, mchezo wake Shackles of Doom, wa shule hiyo hiyo, ulipopigwa marufuku hadi mahakama ikaingilia. Ujasiri tunao. Lakini tazama mishale yote inakoelekea: juu. Zakayo yuko mtini, na chini yake amesimama mwananchi asiye na doa. Hakuna anayeuliza ngazi aliyopandia ilishikwa na nani.

Jina la utani na mchoro wa kivuli ni kauli ya upande mmoja, na nguvu yake ni ufupi wake. Majibizano ya jukwaani hufanya kazi nyingine. Futuhi ya Wagiriki wa kale ilikuwa na sehemu maalumu ya shindano la hoja: wahusika wawili wanapambana mbele ya kikosi cha waimbaji 24, kila mmoja anatetea upande wake, na mtazamaji anaachiwa mzigo wa kuamua. Katika Mawingu, mchezo wa mwaka 423, Hoja ya Haki inapambana na Hoja ya Dhuluma, na ya dhuluma inashinda kwa kumwambia mwenzake awatazame tu watu waliokaa ukumbini na kusema wengi wao ni wa namna gani. Katika Nyigu, wa mwaka 422, kuna mzee aliyezama katika ulevi wa kuhukumu kesi kwa posho ya oboli tatu kwa siku, na anaamini yeye ndiye mtawala wa dola. Mwanawe anampigia hesabu hadharani: mapato ya Athens yanakaribia talanta 2,000 kwa mwaka, na waamuzi wote 6,000 wa mahakama wanaambulia talanta 150. Zilizobaki zinakwenda wapi? Mzee anabaki ameduwaa. Hakuna hotuba ingemfikisha hapo, kwa sababu hotuba angeipinga. Amefikishwa na majibizano aliyoshiriki kwa kinywa chake mwenyewe.

Ihamishie hesabu hiyo Ruiru uone inavyokaa. Baba anamsifu mbunge kwa hundi kubwa ya karatasi iliyopigwa picha uwanjani, basari ya shilingi elfu chache kwa mwanawe. Binti anamwuliza fedha hizo zilitoka mfukoni mwa nani, kodi ya mafuta na ya sukari aliyolipa mwaka mzima ni kiasi gani, na kwa nini anashukuru kwa kurudishiwa chenji. Au ihamishie Thika. Mto Thika umezibwa Ndakaini, na bwawa hilo hunywesha Nairobi. Mama wa nyumba ya kupanga anabishana na muuza maji wa mkokoteni kuhusu ni nani kati yao alimpigia kura yule aliyeahidi mifereji, kisha inabainika wote wawili walimpigia kwa ajili ya fulana moja na pakiti ya unga. Au wachukue wale wanaokimbilia ploti katika yaliyokuwa mashamba ya kahawa, wanaolipa kabla ya kwenda ofisi ya ardhi kwa sababu jirani naye amelipa. Tapeli katika mchezo huo atachekwa, lakini mnunuzi ndiye atakayetoka na funzo. Mambo haya hayaingii katika picha moja ya simu. Yanahitaji watu wawili wajibizane, mmoja azidi kujichongea kila anapojitetea, na wanaotazama watambue kwamba maneno yale walikwisha yasema wao wenyewe.

Kaunti ya Kiambu haina haja ya kuazima imani hii kutoka Ugiriki. Tarehe 2 Oktoba 1977, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na wafanyakazi walifungua Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, katika ukumbi wa wazi waliojijengea kwa mikono yao. Mazoezi yalikuwa hadharani, na wanakijiji walisahihisha lugha na nyimbo. Wengi hukumbuka mchezo huo kama shambulio dhidi ya tajiri Ahab Kĩoi, na shambulio lilikuwepo. Lakini uchungu wake uko kwa Kĩgũũnda, kibarua mwenye ekari moja na nusu na hatimiliki aliyoitundika ukutani. Anashawishiwa afunge ndoa ya kanisani ili afanane na wakubwa, anaweka rehani hatimiliki hiyo benki kupata fedha za harusi ya fahari, na ardhi inapigwa mnada. Watazamaji wa Limuru walimwonea huruma na kumcheka kwa pamoja, kwa kuwa tamaa yake ya kufanana na Kĩoi ilikuwa tamaa waliyoijua. Tarehe 16 Novemba mkuu wa wilaya ya Kiambu aliondoa kibali. Mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa na kuwekwa kizuizini bila mashtaka kwa karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Serikali haikujisumbua hivyo kwa sababu tajiri mmoja wa kubuni alitukanwa. Iliona wanakijiji wanaanza kujipima wenyewe mbele ya wenzao, na mtu aliyekwisha jipima ni mgumu kurubuniwa.

Kizuizini huko Kamiti, gereza lisilo mbali na Ruiru, Ngũgĩ aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi za chooni. Kitovu cha riwaya hiyo ni shindano: wezi na wanyang'anyi wanapanda jukwaani mmoja mmoja kujigamba nani ameiba kwa ustadi zaidi, na kuna anayependekeza hata hewa ifungashwe na kuuzwa. Ni ndugu wa Wapanda Farasi kwa umbo, kwa maana aibu inatolewa na mwenye aibu yake mwenyewe, kwa fahari, huku ukumbi mzima ukisikiliza. Wahome Mutahi naye alifanya jambo hilo kwa njia nyepesi na ya hatari vilevile. Alifungwa mwaka 1986 kwa tuhuma za kuhusika na vuguvugu la siri la Mwakenya, akatoka, na kila Jumapili katika safu yake ya Whispers akawapa Wakenya familia ya kuchekesha: mke Thatcher, watoto Pajero na Junior, mama Appepklonia, na baba mlevi, mnafiki na mwoga aliyebeba jina la safu yenyewe. Mtukufu Rais alipigwa vijembe pembeni, lakini kichekesho kilikaa sebuleni, kwa mwanaume aliyelaani ufisadi huku akiwahadaa watu wa nyumbani mwake. Baadaye alipeleka michezo ya Kikuyu katika baa, Mũgaathe Mũbogothi ukiwa mmojawapo, akiwafuata watazamaji mahali wanapotumia mshahara wao. Mwaka 2003 alipoteza fahamu katika upasuaji mdogo mjini Thika, akafariki Julai mwaka huo. Mji huo una sababu ya pekee ya kutoiacha kazi yake izikwe naye.

Tofauti kati ya Athens na Kiambu basi si kipaji. Ni kwamba Athens iliifanya kejeli kuwa shughuli ya umma yenye ratiba, tuzo na taratibu. Tajiri alipewa jukumu la kugharimia mavazi na mafunzo ya waimbaji, jukumu lililohesabiwa sawa na kodi. Waamuzi kumi walipatikana kwa bahati nasibu, mmoja kutoka kila moja ya makabila kumi ya kiraia, ili mkubwa asijue wa kumhonga. Viongozi walipewa viti vya mbele. Cleon mwenyewe alikuwa na heshima hiyo tangu ushindi wa Pylos mwaka 425. Wazia aliyechekwa akiwa hapo, mbele ya watu waliochekwa pamoja naye. Haya yote tunaweza kuyaiga bila kuvunja sheria yoyote. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na burudani ya umma, na Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza, ubunifu wa sanaa ukiwemo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru na 251,407 mjini Thika. Eneo bunge la Ruiru lina wadi nane na la Thika Mjini tano, kwa hiyo waamuzi 13 wa kura ya bahati nasibu, mmoja kwa kila wadi, wanapatikana kwa siku moja. Lugha zisizuiwe: Kiswahili, Kikuyu, Kikamba cha wanaoshuka Thika kutoka upande wa Garissa Road, na Sheng ya makanga. Sharti liwe moja: kila mchezo uwe na angalau mhusika mmoja mkuu ambaye ni mpiga kura, na asiwe malaika.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wenye kuheshimu mila. Watasema Mwafrika hamcheki mkubwa hadharani, na kwamba huu ni utovu wa adabu uliopambwa kwa usomi wa Ulaya. Ukweli ni kwamba jamii zetu zilimwekea mcheshi kibali mapema. Tanzania ina utani, ambao kwao Mzaramo na Mnyamwezi wana haki ya kudhihakiana hata msibani, na anayekasirika ndiye anayeonekana hana adabu. Mombasa ya karne ya 19 ilikuwa na Muyaka bin Haji, aliyejibizana kwa mashairi makali na washairi wa Lamu kuhusu siasa na vita, na mashairi hayo leo tunayafundisha darasani. Wakikuyu wenyewe walikuwa na gĩcaandĩ, ushairi wa mafumbo unaochezwa na wawili wanaopimana kwa kibuyu chenye alama. Adabu katika desturi hizi ilikuwa kuweka mahali, wakati na kanuni za dhihaka, wala haikuwa kuifuta. Iliyoifuta ni sheria ya vibali ya kikoloni iliyorithiwa baada ya uhuru, ile ambayo ilimwezesha mkuu wa wilaya kuamua kijiji kicheke lini. Anayetetea ukimya kwa jina la mila ajiulize anatetea mila ya nani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linanifanya niweke mipaka. Kicheko huumiza wasio na hatia. Mawingu ulimchora Socrates kama tapeli anayefundisha vijana kukwepa madeni, na aliposhtakiwa mwaka 399 Plato anamwonyesha akiitaja futuhi hiyo miongoni mwa mashtaka ya zamani yaliyomharibia jina. Aristophanes pia alimpa Cleon sura ya mtumwa wa kigeni kutoka Paphlagonia ilhali alikuwa raia wa Athens, akawadharau wanasiasa kwa kuzaliwa na wafanyabiashara, na michezo yake imejaa matusi kwa wanawake, ambao hawakuwa na kura. Katika nchi iliyotungia sheria ya uwiano na utangamano mwaka 2008 baada ya damu kumwagika, hatuwezi kuchukua kila alichofanya. Mpaka ninaopendekeza ni rahisi kuukumbuka: mtu achekwe kwa alichotenda au alichochagua, asichekwe kwa alivyozaliwa. Kabila, ulemavu na jinsia viwe nje. Ofisi, ahadi, hongo, uoga na tamaa viwe ndani. Aliyechekwa apewe nafasi ya kujibu katika tamasha hilo hilo, jukwaani, kwa mchezo wake au kwa mdomo wake. Na ifahamike kwamba mpiga kura akiwekwa katikati ya futuhi, hatari ya ukabila hupungua, kwani mchezo unaomlaumu mtu wa kwetu kwa kukubali unga wa mtu wa kwetu haumwachii mtazamaji kabila la kusingizia.

Wa tatu watasema kaunti ikilipa, kaunti itafunga midomo. Wana haki ya kuogopa. Historia ya Wagiriki inawaunga mkono: Athens ilipoangukia mikononi mwa Wamakedonia, siasa zilififia jukwaani, na Menander, aliyeshinda kwa Dyskolos mwaka 316, akaandika kuhusu mapenzi, baba wakali na mahari. Karne nyingi baadaye Lucian wa Samosata, chini ya dola ya Kirumi, alitunga majibizano ya kuchekesha yenye makali, lakini wafalme aliowavua nguo walikuwa wameshakufa, wako kuzimu. Sisi pia tulikuwa na futuhi ya televisheni ya Vitimbi, na Mzee Ojwang' na Mama Kayai wake tuliwapenda. Ila enzi za Moi futuhi ya redio na televisheni ya serikali ilijua kukaa kwenye mambo ya nyumba, hoteli na mahakama ndogo. Kwa hiyo muundo ndio utakaoamua. Fedha ziwekwe katika bajeti ya miaka mitano mapema, zikisimamiwa na kamati isiyoteuliwa na gavana peke yake. Viwanda vya Thika vialikwe kugharimia makundi, kama matajiri wa Athens, bila kuonyeshwa maandishi ya mchezo. Mswada usikaguliwe kabla ya kuigizwa. Mwenye malalamiko aende mahakamani baada ya kuutazama. Athens yenyewe haikuwa salama daima. Cleon alimburuta Aristophanes mbele ya baraza mwaka 426 kwa madai kwamba aliikashifu nchi mbele ya wageni, kauli ambayo kila Mkenya ameisikia kwa msemaji wa serikali. Mwaka uliofuata mtunzi alirudi na Waakarnai, akalijibu shtaka hilo jukwaani kwa kinywa cha mhusika wake, na akashinda. Alipona kwa kuwa tamasha lilikuwa kubwa kuliko mwanasiasa mmoja.

Vijana nao watauliza jukwaa la nini ilhali simu zimejaa vichekesho, kutoka kwa kina Kihenjo na Machang'i wa Kikuyu hadi kwa mchekeshaji wa jana usiku. Sipuuzi simu, ndiyo iliyomfikisha Zakayo kila kijiji. Lakini simu humtafutia kila mtu kicheko anachokubaliana nacho tayari. Anayemchukia mbunge huletewa ya kumtukana mbunge, na anayemwabudu huletewa ya kuwatukana wapinzani wake. Ukumbini huwezi kuchagua. Umekaa kati ya jirani aliyechukua mia mbili za kampeni na mwingine aliyekataa, mnacheka pamoja, na kuna wakati kicheko chako kinakatika kwa sababu umegundua mzaha umekufikia. Kule kujiona ukichekwa mbele ya wanaokufahamu ndiko kunakobadilisha mwenendo, na hakupatikani gizani chini ya blanketi. Isitoshe, mchekeshaji wa jukwaani yuko na uso na jina, analindwa na umati uliolipa kumwona, wakati wa mtandaoni hutekwa akiwa peke yake.

Linabaki lile pingamizi la mwanzo: Cleon alichaguliwa. Ndiyo, na huenda baada ya tamasha letu la kwanza aliyechekwa zaidi akapita kwa kura nyingi. Futuhi haiwezi kumwamulia mtu kura, na isidai hivyo. Inachoweza ni kumwondolea mpiga kura kisingizio. Kabla ya Wapanda Farasi, Mwathene aliyepokea mto wa kukalia angeweza kusema hakujua anachouza. Baada yake, alijua, na alijua kwamba wenzake wanajua. Hilo ni badiliko la polepole lakini ni la kweli, kwa maana rushwa ya uchaguzi hustawi pale mpokeaji anapojiona mjanja, na hudhoofika anapoanza kuonekana kichekesho. Mahakama zinaweza kumfunga mtoaji. Kumfanya mpokeaji aone haya ni kazi ya sanaa, na hadi sasa tumeiacha bila mwenyewe.

Wagombea wa 2027 wameanza kupita makanisani na sokoni, na kila mmoja ana mto wake wa kukalia. Viwanja vipo Thika na Ruiru, shule zake kila mwaka huandaa watoto wa kuigiza, na Bunge la Kaunti ya Kiambu lina mamlaka ya kutunga sheria fupi ya kulianzisha shindano hili kabla ya kampeni rasmi. Wawakilishi wadi hawatalipendekeza kwa hiari, kwa kuwa hakuna mwanasiasa anayejiitia dhihaka. Itabidi wakazi wenyewe waliombe, wakijua kwamba watakaochekwa kwanza ni wao.